"Hofu ni Kwako": Fomyula na Ukaribu katika Barua za Askari wa KAR kwa Wake Zao, 1939–1945

1.0 Utangulizi

Katika Vita Kuu ya Pili, Tanganyika pekee ilitoa askari wapatao 87,000. Wengi wao walihudumu katika KAR, au Keya kama ilivyoitwa na wananchi, ambamo Kiswahili kilitumika sana. Makala haya yanahoji dhana kwamba salamu ndefu katika barua za askari kwa wake zao ni maneno matupu.

2.0 Njia ya Barua

Barua ya askari haikuwa siri ya watu wawili. Asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake. Mkaguzi wa jeshi aliipitia. Na mke asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu, karani au mtoto wa shule. Aidha, ujumbe uliofikiriwa kwa Kinyamwezi au Kihehe uliweza kuandikwa kwa Kiswahili, kisha ukafasiriwa tena nyumbani. Katika hali hiyo, maneno ya faragha hayakuwa na pa kupita.

3.0 Fomyula na Vionyeshi

Tuchukue fomyula iliyozoeleka: "Mimi sijambo, hofu ni kwako." Wakati wa amani hii ni adabu tu. Lakini ikitoka katika bonde la Kabaw, Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana na Wajapani mwaka 1944, maana yake inageuka: aliye hatarini anajitangaza mzima, na hofu anaielekeza kwa aliye nyumbani. Hapa fomyula ndiyo inayobeba hisia, kwani mkaguzi hana sababu ya kuifuta, wala msomaji haoni haya kuitamka.

Hali kadhalika kwa vionyeshi. Kanuni za kijeshi zilikataza kutaja mahali askari alipo. Kwa hiyo "huku" husimama bila jina la mahali, mkabala na "huko nyumbani". Mke hakuweza kujua "huku" ni wapi; alichojua ni kwamba si kwake.

4.0 Hitimisho

Mtafiti wa matini hizi asitafute maneno ya mapenzi pekee. Aulize kwanza: nani aliandika, nani alikagua, nani alisoma, na nani alikuwa ameketi akisikiliza? Akumbuke pia kwamba barua ya mume iliweza kutunzwa sandukuni, ilhali jibu la mke lilibebwa mkobani, katika mvua na matope ya vita. Tusidhani, basi, kwamba aliyenyamaza katika kumbukumbu zetu hakujibu.