Uvimbe Usiopungua: Kuifahamu Sarkoma

Sarkoma ni saratani inayoanzia katika mifupa au katika tishu zinazouunganisha mwili, yaani misuli, mafuta, kano na mishipa ya damu. Kwa watu wazima ni adimu, takribani asilimia 1 ya saratani zote. Kwa watoto na vijana sehemu yake ni kubwa zaidi.

Sarkoma ya mfupa huwapata hasa vijana walio katika umri wa kurefuka haraka, na mara nyingi huota karibu na goti. Kwa sababu hiyo maumivu yake hudhaniwa kuwa jeraha la mpira, na kijana hupelekwa kukandwa badala ya kupimwa. Aina nyingine, sarkoma ya Kaposi, huhusiana na kirusi na hujitokeza zaidi kinga ya mwili inaposhuka, hususan kwa wanaoishi na VVU ambao hawatumii dawa. Huonekana kama mabaka au vinundu vyeusi au vya zambarau kwenye ngozi au kinywani.

Dalili zifuatazo zisipuuzwe:

- uvimbe unaoendelea kukua, au unaozidi sentimita 5;
- uvimbe ulio ndani ya nyama, usiosogea unapoguswa;
- maumivu ya mfupa yanayomwamsha mgonjwa usiku;
- mfupa kuvunjika bila kishindo kikubwa.

Uvimbe wa sarkoma huweza usiume mwanzoni; kutouma si uthibitisho wa usalama.

Mwenye dalili hizi afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa. Hospitalini hupigwa picha ya eksirei, kisha huchukuliwa kinyama kidogo na kupimwa maabara. Kuukata uvimbe kabla ya kipimo hicho huweza kutawanya seli za saratani na kuifanya tiba kuwa ngumu. Kuukanda au kuuchanja hakuuponyi, bali humpotezea mgonjwa muda.

Matibabu ni upasuaji, dawa za saratani na mionzi, kulingana na aina ya ugonjwa. Huduma za saratani hutolewa katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi.

Uvimbe mwingi si saratani, lakini kipimo ndicho kinachoamua. Sarkoma iliyochelewa mara nyingi huenea mapafuni. Iliyogunduliwa mapema huweza kutibiwa, na mara nyingi hata mguu au mkono ukanusurika.