Risoto yenye kiini kigumu

Swali: Mwanangu alitupeleka mkahawa wa kifahari wa Kiitaliano Malindi. Risoto ililetwa majimaji kama uji, na bado punje zina kiini kigumu. Nilinyamaza nisimwaibishe. Je, haikuiva?
Mama, Ndalu

Jibu: Huenda iliiva, mama. Risoto hupikwa kwa mchele mfupi mnene, kama arborio, ambao hutoa wanga ukikorogwa huku supu ya moto ikiongezwa kidogo kidogo. Ndiyo maana hutandaa sahanini yenyewe, na kiini huachwa kikaze jino kidogo. Ukitafuna ukasikia unga mkavu, hapo irudishe. Mhudumu wa maana hanuni. Tena uile ikifika tu, maana ikipoa huganda.

Malindi wapishi wanaijua: Waitaliano wapo huko tangu miaka ya 1960, enzi za kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni.

Siku nyingine agiza polenta. Ni ugali wa mahindi kama wa kwenu, ila laini, wa manjano, na siagi na jibini (mimi huipenda na uyoga). Na bili ikija, isome: ada ya huduma ikiwa imeshajumlishwa, bakshishi ni hiari yenu.