Samaki Wakifa Kidimbwini, Toa Taarifa
Kwa Katiba ya 2010, sera hutungwa na serikali ya kitaifa. Udhibiti wa magonjwa ya wanyama na uvuvi ni kazi ya kaunti. Hivyo sera ya afya ya samaki wa kufugwa inahitaji habari kutoka kidimbwini kwako, mkulima.

Kuna virusi vya tilapia, vilivyotambuliwa Israeli mwaka 2014 na baadaye Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na Tanzania. Havina dawa, na husafiri na vifaranga. Watenge vifaranga wapya kwanza. Wavu wa kuazima uanike juani ukauke kabisa.

Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, huenda ni hewa tu imepungua. Wakiwa na vidonda, mwite afisa wa uvuvi. Mizoga izike, usiitupe Isiukhu, kuna wafugaji chini ya mto.