Mbona bei ya kebo ilipanda?

SWALI: Nasikia Marekani iliondoa udhibiti wa bei za televisheni ya kebo ikitumaini kwamba ushindani ungewalinda wateja. Mbona bei zilipanda?

JIBU: Kwa sababu ushindani wenyewe haukuwapo. Sheria ya 1984 iliziondolea halmashauri za miji mamlaka ya kupanga ada ya kifurushi cha msingi, karibu kila mahali, kuanzia mwisho wa 1986. Lakini kwa kawaida mji ulikuwa na kampuni moja tu. Kutandaza nyaya mtaa kwa mtaa ni gharama kubwa, na atakayekuja wa pili atagombania wateja walewale. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilikuta kwamba kufikia 1991 kifurushi chenye wateja wengi zaidi kilikuwa kimepanda kutoka dola 11.71 hadi 18.84 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 61! Kampuni zilijitetea kuwa chaneli nazo zimeongezeka, na ni kweli. Ila mteja asiye na pa kuhamia hana namna ya kuzikataa.

Mwaka 1992 Bunge lilirudisha udhibiti, likitengua kura ya turufu ya Rais George H. W. Bush. Sheria ya 1996 ikaulegeza tena.

Kwangu mimi, ushahidi mzito zaidi ni wa 2003: GAO ilikuta kwamba penye kampuni mbili za nyaya, bei ilikuwa chini kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo kosa la 1984 lilikuwa kuachia bei kabla mshindani hajafika.