Ndoo ya Maji Chini ya Mlima Meru: Mafanikio ya Idara ya Afya ya Jamii Yapimwe Wapi?

Mwishoni mwa mwaka, idara nyingi za afya ya jamii katika vyuo vyetu vikuu hukutana kupongezana. Husomwa orodha: nani amepanda cheo kuwa mhadhiri mwandamizi, nani amehitimu shahada ya uzamivu, makala ngapi zimechapishwa, ruzuku zipi za utafiti zimepatikana. Hukatwa keki, hunywewa soda, hupigwa picha ya pamoja. Ni desturi njema, nami simo miongoni mwa wanaoibeza, kwa kuwa kazi ya chuo ni ngumu na mtu akipongezwa mbele ya wenzake hupata nguvu ya kuianza Januari. Lakini miaka sita iliyopita, katika hafla ya namna hiyo, mlinzi wa ofisi zetu, mzee mzaliwa wa miteremko ya Meru, alinisogelea baada ya kusikia nikipongezwa kwa makala iliyohusu maji ya kwao. Alizungumza huku ameweka kiganja mbele ya mdomo, kama alivyozoea tangu ujana wake kuficha meno ya rangi ya kahawia. "Hongera sana, daktari," akasema. "Sasa yale maji yenyewe yanakuja lini?"

Sikuwa na jibu, mzee wa watu. Makala hii ni jaribio la kumjibu, na pia ni somo kwa wahudumu wa afya na kwa familia zinazoishi Arusha na pembezoni mwa mlima.

Tuanze na mlima wenyewe. Meru ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana madini mengi ya floridi, na maji yanayopita humo huwa na magadi mengi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwapo ya kutosha, ingeikamata floridi na kuizamisha chini. Inapokosekana, floridi hubaki imeyeyuka na kusafiri na maji hadi mtungini. Wenyeji waliona dalili za upekee wa maji haya zamani sana, wakaziweka katika majina: Maji ya Chai, kwa rangi ya mto ule, na Ngarenanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu. Rangi, hata hivyo, haipimi floridi. Kuna maji meupe yanayong'aa ambayo yana floridi nyingi kuliko ya rangi ya chai, na hapa ndipo wageni wengi hukosea.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kutambua kwamba maeneo mengi yasingefikia kiwango hicho, iliweka katika miaka ya 1970 kiwango cha muda cha miligramu 8. Baadaye kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 viwango vyetu vya kitaifa vikafika 1.5. Mtu aliyezaliwa chini ya Meru mwaka 1975 alikunywa utotoni mwake maji ambayo kwa sheria ya wakati ule yalikuwa halali, na kwa sheria ya leo ni hatari. Si haki kumwambia kwamba hakupiga mswaki.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu bado nalisikia katika vyumba vya tiba. Madoa ya kahawia yatokanayo na floridi hayasababishwi na uchafu. Hutengenezwa ndani ya taya, kabla jino halijaota, wakati gamba gumu la jino linapojengwa. Meno ya kudumu hujenga gamba hilo takriban kati ya kuzaliwa na umri wa miaka minane, na kwa meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu akicheka, miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Baada ya dirisha hilo kufungwa, hakuna dawa inayolirudisha gamba. Kusugua kwa mchanga au majivu hulikwangua na kuliacha jino likiwa dhaifu zaidi. Daktari wa meno anaweza kuliboresha kwa kulisafisha kitaalamu au kulifunika, lakini hiyo ni gharama ambayo kaya nyingi za huku haziimudu.

Mifupa nayo huathirika. Karibu asilimia 99 ya floridi inayobaki mwilini hukaa katika mifupa na meno. Mtu mzima mwenye figo nzima hutoa karibu nusu ya anayoipata kwa njia ya mkojo. Mtoto mdogo, ambaye mifupa yake inakua, huweza kubakiza hadi asilimia 80. Kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, viungo hukakamaa, mgongo hupinda na kuwa kibyongo, na watoto wengine hupata matege au magoti yanayogongana. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya kitaalamu kutoka kijiji cha Tindigani, wilayani Hai, katika tambarare iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, iliyoeleza ulemavu wa miguu kwa watoto kutokana na maji. Mhudumu anayekutana na mtoto mwenye matege hufikiria kwanza upungufu wa vitamini D au kalsiamu, na ni sawa afikirie hivyo. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kuangalia miguu, mwambie mtoto afungue kinywa. Kisha uliza maji ya nyumbani yanatoka wapi, na kama watoto wa jirani wana hali hiyo hiyo. Picha ya eksirei ikionesha mifupa iliyo mizito na myeupe kupita kawaida, badala ya iliyofifia, hoja ya floridi hupata nguvu. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, tusikimbilie kumpa vidonge vya maumivu mwezi baada ya mwezi. Baadhi ya dawa hizo huumiza figo, na figo ndizo njia yake kuu ya kuitoa floridi.

Sasa nirudi kwenye mafanikio ya watumishi, kwa sababu yapo na ni ya kweli. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa afya ya kinywa wa Muhimbili, akiwemo Lutfi Mabelya, walionesha kwamba maji si mlango pekee: magadi yanayotiwa katika makande na mboga ili viive upesi yanaweza kuwa na floridi nyingi, na watoto wakapata madoa hata mahali ambapo maji ni mazuri. Ugunduzi huo uliingia jikoni moja kwa moja, na ulihitaji watafiti walioketi na akina mama karibu na chungu. Huko Ngurdoto, kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kimefanya kazi kwa miongo kadhaa juu ya namna ya kuondoa floridi. Njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la wilaya moja ya India, ilijaribiwa huko kwa ushirikiano wa Watanzania na wataalamu wa Denmark: shabu na chokaa hukorogwa katika ndoo ya maji, tope huzama pamoja na floridi, na maji ya juu huchujwa. Njia nyingine ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, ikasagwa kuwa chembe, na chembe hizo huivuta floridi maji yanapopita. Na mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapa Arusha, alipata tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pamoja na pauni 25,000, kwa chujio lake linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika. Tuzo ile ilitufurahisha wengi, hata sisi tusio wahandisi.

Kwa nini basi mzee wangu aliuliza swali lile?

Nitaeleza la idara yetu, maana tulilifanya wenyewe. Tuligawa machujio ya mkaa wa mifupa kwa kaya kadhaa. Tuliyapima siku ya kwanza na baada ya miezi mitatu. Matokeo yakawa mazuri, yakachapishwa, na mradi ukafungwa. Nilipopita huko baada ya miaka miwili kwa shughuli nyingine, nilikuta ndoo za machujio zimehifadhiwa unga na mbegu za mahindi. Nyumba moja tu ilikuwa bado ikilitumia chujio, na mama mwenye nyumba alinikaribisha kwa fahari akinipa maji yake. Niliyapima. Floridi iliyoingia na iliyotoka ilikuwa karibu sawa.

Hapa pana jambo ambalo vitabu hulitaja kwa sentensi moja, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha tatizo lote. Chujio la vijidudu likichoka, mara nyingi huziba. Maji hupungua na mtumiaji hujua. Chujio la floridi likichoka halisemi kitu. Mkaa ukishajaa, maji huendelea kutiririka yakiwa maangavu na matamu, na floridi haina ladha wala harufu ya kumwonya mtu. Mama yule alikuwa amefanya kila tulichomfundisha. Tulichokosa kumpa ni mtu wa kurudi na kipimo, na mahali pa kubadilishia mkaa. Tulimpa chombo, naye alihitaji huduma. Isitoshe, wale walioacha mapema walikuwa na sababu zao: wengine walichukizwa na wazo la kunywa maji yaliyopita katika mifupa, wengine walitaka kuhakikishiwa ni mifupa ya mnyama gani, na mkaa uliochomwa vibaya hutoa harufu. Hakuna aliyetuficha hayo. Hatukuuliza.

Tangu hapo idara imebadili mambo machache, na ninayaandika kwa sababu idara nyingine zinaweza kuyafanya bila ruzuku kubwa. Fundi sanifu wetu wa maabara huenda vijijini na kipimo chake kwa ratiba, akifuatana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na majina ya hao wawili husomwa katika hafla ya mwisho wa mwaka pamoja na ya maprofesa. Wanafunzi wanaokwenda kujifunza vijijini hawaanzi na dodoso. Siku ya kwanza huteka maji na wenyeji. Vijana hulalamika mabega yanauma. Nami huwaambia waandike pia hilo katika ripoti.

Kwa familia, hesabu ni ndogo kuliko inavyoogopwa. Maji yenye floridi nyingi yanaweza kufulia, kuogea na kunyweshea maua. Yanayohitaji kuwa salama ni ya kunywa na kupikia, na kwa nyumba ya watu watano au sita hiyo ni takriban ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Maji ya mvua hayana floridi ya maana: ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha ukakinga ya masika na ya vuli katika tangi lenye mfuniko, umepata sehemu kubwa ya ndoo hiyo. Pale maji yanapopimwa, kuchanganya pia husaidia. Ndoo moja ya maji yenye miligramu 6 kwa lita, ikichanganywa na ndoo tatu za mvua, hutoa ndoo nne zenye 1.5. Kuchemsha huua vijidudu na kuendelee, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi hubaki ile ile na kuzidi makali.

Ndoo hiyo ikiwa haitoshi kwa wote, apewe kwanza mtoto. Ziwa la mama lina floridi kidogo mno hata pale mama anapokunywa maji yenye floridi nyingi, hivyo kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ni kinga ya meno ambayo kliniki zetu hazijaitangaza vya kutosha. Uji wa kwanza baada ya hapo upikwe kwa maji ya mvua, bila magadi. Muuguzi anayepima uzito wa mtoto aulize swali moja la ziada, "Maji ya uji yanatoka wapi?", na aliandike jibu katika kadi.

Jijini, mradi mkubwa wa maji wa Arusha uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika umeongeza maji ya bomba. Juu mlimani na upande wa kaskazini, ambako nyumba zimetawanyika, bado ndoo ndiyo inayoamua.

Mzee wangu amestaafu. Siku ile ya hafla mjukuu wake alikuwa na umri wa mwaka mmoja, na nilichoweza kumwambia ni habari ya bati na tangi. Alinunua tangi dogo kwa fedha za ndizi, akalifunga yeye mwenyewe. Mwezi uliopita alikuja ofisini na mtoto yule, sasa ana miaka saba, meno mawili ya juu yameanza kuota. Nilimsogeza dirishani nikamwomba acheke. Kuna mistari myeupe hafifu, kwa sababu wakati wa kiangazi tangi huisha na mtoni wanakwenda. Kahawia haipo.