Kurudisha Viti vya Ngozi vya Gari Ukiwa Nyumbani, na Somo Lake kwa Mfugaji

Najua kuna atakayesoma kichwa cha habari na kujiuliza, afisa mifugo na viti vya gari wapi na wapi? Subiri kidogo. Kiti cha ngozi kabla hakijawa kiti kilikuwa ng'ombe wa mtu. Kimechungwa, kimeng'atwa na kupe, kimepita machinjioni, ndipo kikafika kiwandani. Ukikitengeneza kwa mikono yako utaelewa mambo ya ngozi ambayo mimi nilifundishwa darasani Mpwapwa na sikuyaelewa vizuri mpaka mwaka jana.

Mwaka jana ilikuwa hivi. Baba yangu ni mfugaji hapa Singida. Zamani kidogo aliuza ng'ombe akanunua gari ya mtumba iliyotoka Japani, viti vya ngozi rangi ya krimu. Mdogo wangu wa kike alipopata nafasi ya chuo, mzee akaamua kuiuza. Mnunuzi akaja, akasikiliza injini, akaridhika. Alipofungua mlango wa dereva akanyamaza. Kiti kilikuwa kimepasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa kumi, na ukingo wa kulia, pale dereva anaposuguka akipanda na kushuka, rangi imeisha kabisa. Akapunguza laki nane papo hapo. Laki nane hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaihesabu kwa ada ya muhula wa kwanza.

Mnunuzi alipoondoka baba akanigeukia: "Wewe si ndiye mtaalamu wa ngozi?"

Nikainamisha kichwa, maana kile kiti nilishakiharibu mimi mwenyewe. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimekipaka mafuta ya alizeti ili kilainike. Kwa hiyo somo hili naliandika kama mtu aliyekosea kwanza.

1. Jua kwanza kiti chako ni cha nini

Sio kila kiti kinachoitwa cha ngozi ni ngozi. Magari mengi yana ngozi pale unapokalia na unapoegemea tu. Pembeni na nyuma ni ngozi bandia, yaani plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Tafuta sehemu iliyofichika, chini ya kiti au kwenye zipu, uangalie upande wa ndani. Ukiona nyuzinyuzi zilizosukana ovyo kama upande wa ndani wa mkanda wa suruali, hiyo ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa, hiyo ni bandia. Bandia ikianza kubanduka magamba haina dawa ya kudumu, mpelekee fundi makochi aibadilishe kipande.

Jambo la pili, ngozi ya gari haiko wazi kama ngozi ya ngoma. Kiwandani ikishasindikwa hupakwa rangi, kisha juu ya rangi hupakwa utando mwembamba unaoonyesha ndani, wa kuilinda. Kwa hiyo mara nyingi unachokiona kimechakaa ni utando na rangi. Ngozi yenyewe chini bado nzima. Hiyo ndiyo habari njema, na ndiyo sababu kazi hii inawezekana nyumbani.

Ila bonyeza kwa kidole. Kama ngozi imekuwa laini kama karatasi iliyolowa, au imetoboka mpaka sponji inaonekana kwa upana wa kiganja, usipoteze hela ya rangi. Hapo ni kubadilisha kipande.

2. Vifaa

- Sabuni ya maji isiyo kali, brashi laini, vitambaa safi vya pamba
- Spiriti
- Msasa wa maji namba 600 na namba 1000
- Puti laini ya ngozi, ile inayopinda ikikauka
- Gundi inayopinda na kipande cha kitambaa kigumu
- Rangi ya ngozi ya maji, na klia ya ngozi ya maji
- Sponji ndogo, gundi ya karatasi ya kuzibia, glavu

Rangi, puti na klia ulizia kwa wauza malighafi za mafundi viatu na makochi. Mimi vyote havikufika robo ya zile laki nane.

3. Tahadhari kabla ya kuanza

Angalia ubavu wa kiti. Ukiona kibandiko kimeandikwa AIRBAG au SRS, ndani ya kiti hicho kuna mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigongwa. Mshono wa upande huo umeshonwa makusudi uachie. Usiushone upya, usiupake puti wala gundi, na usichomoe waya zilizo chini ya kiti. Kupaka rangi nyembamba juu ya ngozi ni sawa, lakini mshono uache kama ulivyo.

Fanya kazi kivulini, milango ikiwa wazi. Usifanye juani, rangi itakauka kabla hujaisambaza.

4. Hatua za kazi

*Kusafisha.* Fyonza vumbi au lipangue kwa brashi kavu, hasa kwenye mishono, maana mchanga ndio unaokata nyuzi. Kisha weka sabuni kwenye brashi (usimimine kwenye kiti), sugua taratibu kwa mduara eneo dogo dogo na ufute na kitambaa chenye unyevu. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Kwenye kiti cha mzee nilidhani krimu yake ndiyo ile ya kahawia niliyoizoea. Kumbe ulikuwa uchafu wa miaka.

Usitumie sabuni ya unga ya kufulia wala dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ngozi iliyosindikwa ina asili ya asidi kidogo, na sabuni ya unga ni ya upande wa pili kabisa. Ukiizoesha, ngozi inakakamaa na kupasuka.

*Kuondoa mafuta.* Kikishakauka, lowesha kitambaa kwa spiriti, ukamue, ufute sehemu zote utakazopaka rangi. Jaribu kwanza mahali pa siri. Lengo ni kuondoa mafuta ya mwili na zile dawa za kung'arisha dashibodi ambazo watu wa kuosha magari hupaka kila kitu. Rangi haishiki juu ya mafuta.

Hapa ndipo alizeti yangu iliponiumbua. Nilifuta mara mbili, nikaona inatosha, nikapaka rangi. Kesho yake ikanyofoka kama ganda la kitunguu. Mafuta ya kula hayakauki vizuri ndani ya ngozi. Yanavuta vumbi, yanachacha, na kila jua likipiga yanajitokeza juu. Ikabidi niondoe yote, nifute na spiriti siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, ndipo nikaanza upya. Mnunuzi wa kwanza wakati huo alishanunua gari nyingine.

*Msasa.* Pitisha namba 600 kwa mkono mwepesi pale palipokwaruzika na kupasuka, mpaka kingo za nyufa zilale. Malizia na namba 1000. Lengo ni kulainisha tu, usichimbe. Futa vumbi lote.

*Mpasuko uliopita upande wa pili.* Kata kitambaa kikubwa kuliko tundu, kiingize kwa chini kwa kutumia kijiko au kibano, paka gundi, kisha sogeza kingo za ngozi zikutane juu yake. Weka uzito mpaka ikauke. Usitumie supa glu, inakauka ngumu kama mfupa na pembeni yake ndipo patapasuka tena.

*Nyufa.* Paka puti ya ngozi kwa kadi ya simu iliyokwisha, nyembamba, acha ikauke, piga msasa namba 1000, rudia. Tabaka tatu au nne nyembamba zinashinda moja nene. Puti ya bodi ya gari usiiguse, hiyo ni ya bati, haipindi.

*Rangi.* Changanya kidogo, jaribu mahali pa siri, acha ikauke kabisa ndipo ulinganishe, maana rangi mbichi inadanganya. Tabaka la kwanza gonga-gonga kwa sponji ili iingie kwenye vinyweleo vya ngozi. Tabaka zinazofuata pangusa kwa wepesi. Acha kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Mimi nilipaka nne. Tabaka la kwanza litakutisha, litaonekana madoa madoa. Usiongeze rangi kwa hasira, ngoja.

*Klia.* Ikikauka rangi, paka klia tabaka mbili au tatu. Hii ndiyo inayozuia rangi kuhamia kwenye suruali yako. Usikalie kwa saa 24, na usikioshe kwa maji kwa wiki nzima.

5. Makosa ninayoyaona kila siku

Kiwi ya viatu: inang'aa siku moja, siku ya pili iko kwenye gauni la mama mchungaji. Mafuta ya mgando, nazi, alizeti na samli: nimeshaeleza. Thina na petroli: zinayeyusha ule utando wa juu hata pale palipokuwa pazima. Na kuegesha gari juani mchana kutwa bila kitu kwenye kioo: kwa jua letu hili la Singida, kipande cha khanga juu ya kiti kinafanya kazi kubwa kuliko dawa ya bei mbaya.

6. Kovu nililolikuta chini ya rangi

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Nilipokuwa napiga msasa sehemu ya kuegemea, rangi ya kiwandani ilipoisha, ukatokea mstari kama urefu wa kidole, umeinuka kidogo, unang'aa kuliko pembeni. Sio ufa. Ulikuwepo tangu zamani, rangi ya kiwandani iliufunika. Nikamwita baba.

Akapitisha kidole gumba. "Huyu alichanwa na seng'enge," akasema. "Akapona."

Tukatazamana. Ng'ombe huyo sijui alifugwa nchi gani, lakini kidonda chake kilikuwa bado kipo kwenye kiti cha mzee. Baba akakaa kimya, kisha akakumbuka ngozi aliyoipeleka sokoni baada ya sikukuu, ng'ombe mkubwa, mnunuzi akaikunjua, akaonyesha chapa tatu za moto ubavuni na matundu ya kisu, akamwambia aichukue tu akafanyie kamba. Alirudi nayo nyumbani.

Ninyi wafugaji mnaniuliza kila mara kwa nini ngozi zetu hazina bei. Sababu za soko zipo nyingi na siwezi kuzimaliza hapa. Lakini hii moja iko mikononi mwetu. Nyufa za juu nilizitengeneza kwa wikendi mbili. Kovu lile sikuweza. Nililifunika tu, kama kiwanda kilivyolifunika. Na kiwanda kikiona makovu ni mengi hakihangaiki kufunika, kinaiacha ngozi yako na kutafuta ya mwingine.

7. Mfugaji afanye nini

1. *Chapa ya moto* iwekwe miguuni, chini ya goti, au shingoni kwa utaratibu atakaokuelekeza mtaalamu wako. Mgongo na ubavu ndiyo sehemu kubwa na bora ya ngozi.
2. *Ogesha kwa ratiba.* Kupe akitoka anaacha kidonda, na alama yake hubaki hata baada ya kusindikwa.
3. *Chanja dhidi ya ugonjwa wa mapele ngozi.* Kila pele linaweza kuacha tundu.
4. *Toa miiba na seng'enge zilizolegea* kwenye boma na njia za kupita.
5. *Uchunaji.* Tumia kisu chenye ncha ya duara. Kisu kifungue njia tu, sehemu kubwa isukume kwa ngumi. Usiburute mzoga chini.
6. *Chumvi mapema,* ndani ya saa chache. Kadiria kilo 3 hadi 4 kwa kila kilo 10 za ngozi mbichi. Kama huna chumvi, iwambe kwenye fremu kivulini penye hewa. Usiitandaze juani chini kwenye mchanga, itaiva juu na kuoza ndani.

Mwisho

Gari iliuzwa wiki tatu baadaye kwa mnunuzi mwingine. Alifungua mlango wa dereva, akakaa, akarekebisha kioo, akaanza kuuliza habari za matairi. Habari ya kiti hakuitaja, na mimi nikaitaja mwenyewe, nikamwambia kimepakwa upya na asikiguse na mafuta. Bei alipunguza kidogo kwa ajili ya tairi moja. Binti yuko chuoni mwaka wa kwanza.

Na baba, alipoweka alama ndama wake wapya msimu huu, nilikuwepo. Chuma kilipokuwa tayari, kijana akakielekeza ubavuni kama alivyozoea. Mzee akamshika mkono, akaushusha mpaka mguuni.

Wewe ngozi ya mwisho uliyochuna iliishia wapi? Niandikie tuzungumze. Wiki ijayo tutarudi kwenye malisho ya kiangazi.