Kikao cha Sahani Nzito

Mwulize shabiki wa roki, "Tamasha lilikuwaje?" Atakujibu, "Lilikuwa moto," kisha atanyamaza, maana kwake habari imekwisha. Sasa mpe jalada la sahani ya santuri mkononi, mwache aligeuzegeuze, halafu mwulize usiku ule alirudi nyumbani na nini. Hapo tafuta mto uegemee. Atakupa matatu ya mwisho iliyomkimbia, kiatu kilichobaki uwanjani, na masikio yaliyovuma hadi Jumatatu.

Huo ndio msingi wa vikao vyetu vya kusikiliza hevi metali hapa Mombasa: kitu kwanza, hadithi baadaye. Ukitaka kuanzisha chako, haya ndiyo tuliyojifunza, mengi yake kwa kukosea.

Watu sita wanatosha. Wakizidi wanane, nusu yao watahamia jikoni na kuanza kikao chao. Kila mmoja aje na kitu kimoja tu: sahani, kanda, kipande cha tiketi, hata fulana iliyopauka. Wapo watakaofika na gunia zima, na lazima uwe na moyo mgumu wa kuwaambia wachague. Upande mmoja wa LP huchukua kama dakika 20. Watu sita, upande mmoja mmoja, tayari ni saa mbili za magitaa kabla mtu hajafungua mdomo, na sikio la binadamu lina kikomo.

Usimdharau aliyekuja na kanda. Wengi wetu huku tuliujua muziki huu kwa kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda iliyonakiliwa, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kukisia. Kabla ya kuicheza, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha irudishe, ili utepe ulioshikana uachiane. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, hiyo ni kuvu. Usiiweke kwenye mashine, itachafua na kanda za wenzako. Mwenyewe atahadithia akiwa ameishika tu, na mara nyingi inatosha.

Sasa mashine ya santuri, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo tulipoaibika.

Mwenzetu mmoja aliletewa mashine ya zamani na mjomba wake kutoka Marekani. Alikuwa mwangalifu. Alijua umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 240, akanunua transfoma. Tukaweka sahani ya kwanza ya kundi la Black Sabbath, ile iliyotoka Ijumaa ya tarehe 13 Februari 1970. Loo! Uzito wake haukuwa na mfano. Ngoma zilitembea kama mtu anayeburuta kabati, na sauti ya mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, ilitoka kisimani. Tulitikisa vichwa upande mzima. Ni baadaye, mmoja aliposikiliza wimbo uleule kwenye simu, tulipogundua kwamba mashine ilikuwa inakwenda polepole.

Sababu yake ni hii. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Transfoma hurekebisha volti, lakini mapigo haiyagusi. Kwa hiyo sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika inazunguka kama mara 28, na muziki unashuka takriban nusu toni tatu. Ukiletewa mashine kutoka huko, uliza kwanza kama mota yake ni ya umeme mnyoofu (DC), zile hazina shida hiyo. Ikiwa ni ya aina ya zamani, baadhi huwa na puli ya kubadilisha kwa ajili ya 50; mwulize fundi kabla hujalipa.

Cha kuchekesha ni kwamba mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, alifika palepale kwa njia yake. Kijana huyo wa Birmingham alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati, akajitengenezea vikofia vya plastiki vya kuvalia vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Katika sahani yao ya tatu, Master of Reality ya 1971, gitaa katika nyimbo kadhaa limeshushwa nusu toni tatu. Mashine ya mjomba, bila kukusudia, iliwapeleka mwaka mmoja mbele. Kikao kizima cha usiku ule kilihusu jambo hilo, na hakuna aliyejuta.

Mashine isikae meza moja na spika. Besi ya muziki huu hutikisa meza, meza hutikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika, na mwishowe unasikia mngurumo tu. Iweke kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani au juu ya kitu kizito. Na usiongeze sarafu juu ya mkono wa sindano ili isiruke, kama walivyofanya baba zetu. Sindano nyingi huhitaji uzito wa gramu moja na nusu hadi mbili. Sarafu inaichonga mifereji ya sahani kama jembe.

Kuhusu usafi: maji ya bomba yetu yana chumvi, na yakikauka huacha chembe ndani ya mifereji. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, yale yasiyo na chumvi, wala usipewe asidi kwa bahati mbaya. Tia tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, kisha suuza kwa maji yaleyale bila sabuni. Lebo ya katikati isiloe. Zile sahani nzito za babu zinazozunguka mara 78 usizipake spiriti kamwe, zinayeyuka. Sahani zote zisimame wima kama vitabu, mbali na dirisha. Na ukitoka kwenye kikao, usipitie sokoni ukaziacha ndani ya gari juani. Utakuta bakuli.

Turudi kwenye hadithi, maana watu wengi hushindwa kuuliza. Maswali mazuri ni madogo. Ulikwenda na nani? Nani alikulipia? Ulivaa nini? Ulisimama wapi, na mbele yako alikuwa nani? Mlikula wapi baadaye? Usimwulize kundi lilipiga nyimbo gani. Hilo linapatikana kwingine, na swali hilo humgeuza msimulizi kuwa mtahiniwa. Wawili wakibishana kama mvua ilinyesha, usiwapatanishe. Andika yote mawili.

Na asiyewahi kwenda naye ana la kusema. Tamasha la mwisho la Black Sabbath lilifanyika Villa Park, Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, na Ozzy akafariki tarehe 22 mwezi huohuo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwako. Lakini namna kila mtu alivyolipata, nani kwenye simu ya kuazima, nani aliyeishiwa bando katikati, ilitupa kimoja kati ya vikao virefu kuliko vyote.

Msikubali pia kikao kiwe cha Waingereza pekee. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na magitaa yenye kukwaruza hasa: tafuteni Lazy Bones!! ya kundi la WITCH, ya 1975, ambayo imetolewa upya na inapatikana kwa bei ya kibinadamu, tofauti na nakala za kwanza. Wenzao wa Musi-O-Tunya walifanya kazi Nairobi, kwa hiyo ukimpata mzee aliyekuwa akicheza dansi mjini humo enzi zile, mwalike, hata kama yeye hajiiti shabiki wa roki. Na vijana walete Duma, wawili wa Nairobi ambao sahani yao ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Mswahili akilisikia jina hilo humwazia mnyama mwenye mbio, kumbe kwa Kikuyu ni giza. Ukiisikiliza, maana zote mbili zinafaa.

Hadithi irekodiwe kwa simu, simu ikiwa karibu na msimulizi na muziki umezimwa kabisa. Baadaye andika mistari mitano au sita kwa penseli kwenye karatasi nyembamba: nani alisimulia, lini, sahani ilitoka kwa nani. Iingize kati ya jalada na mfuko wa ndani, isiguse sahani yenyewe. Usiandike juu ya jalada kwa kalamu ya wino.

Majirani waarifiwe siku moja kabla, na adhana ikilia, sauti ishuke bila kusubiri kuambiwa. Bibi anayekaa chini yetu alikuja mara moja kulalamika, akaishia kukaa hadi mwisho, akitusimulia harusi za taarab za ujana wake.

Kabla ya kuagana, kila mtu afungue jalada lake ahakikishe kilichomo. Mimi nina jalada la Paranoid ya Black Sabbath ambalo ndani yake mna taarab ya yule bibi, na yeye kila nikimpigia hodi hufungua mlango nusu na kusema bado anasikiliza.